Mikono ya mbao kwenye nyumba ya mawe: mpe mgeni jembe

Swali nililoletewa na msomaji wa Lamu, nimelifupisha kidogo:

"Assalaam aleikum, mzee wangu. Shikamoo. Nimerithi nyumba ya mawe ya bibi yangu, mtaa wa Mkomani. Chumba cha ndani kina upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 7, na ukuta mmoja mzima ni zidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta. Nimeona kwenye simu nyumba za watu wa mbali zimewekwa mikono ya mbao iliyochongwa, vile vishikizo vya pembe vinavyotoka ukutani kubeba mzigo, chini ya rafu, kwenye pembe za milango, hata chini ya dari, nikaipenda mno. Fundi ameniambia nyumba hii yataka mikono 16, na tayari ameshachonga minne ya mwembe. Mume wangu asema ni kufuga vumbi tu. Halafu kuna boriti moja ya msana, ule ukumbi ulio wazi kuelekea uani, imelegea kidogo, nikafikiri mkono utaishika. Je, nitumie mbao gani, niiweke wapi, na niifunge vipi isije ikatuangukia?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba. Swali lako lina mambo manne, lakini wewe umelitaja la hatari mwisho na kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia daktari habari ya kifua akiwa tayari mlangoni. Nianze na hiyo boriti.

Mkono wa mbao hauinui dari. Dari yako ni boriti za mkoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vibamba vya matumbawe, na juu ya vibamba chokaa na kokoto iliyopondwa hadi ikashikana kuwa kitu kimoja. Ni mzigo wa mawe hasa. Hata wembamba wa chumba chako umetokana na boriti: mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu una urefu wake, na wazee walijenga kulingana nao. Sasa boriti ikilegea, jicho hutazama katikati ambako imepinda, ilhali ugonjwa mara nyingi uko kwenye ncha iliyofukiwa ukutani. Maji ya mvua yamepenya kutoka sakafu ya juu, yakatuama mle ndani, mti ukaoza au mchwa wakapata njia. Chukua kisu chembamba, kichome pale boriti inapoingia ukutani. Kikikwama, kuna nafasi ya kungoja na kutazama. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo imekwisha, na mkono mzuri ulioupachika chini yake utakuwa umeufunika uozo kwa nakshi.

Tena utauumiza ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupenda kubebeshwa kutoka juu. Unene wake ni kwa ajili hiyo. Haupendi kitu kinachouvuta kwa kichwa na kuusukuma kwa mguu, na hivyo ndivyo kila mkono ufanyavyo. Kwa hiyo mwite fundi aliyezoea nyumba za mawe, asimamishe nguzo za muda chini ya boriti za jirani, ile mbovu itolewe na nyingine itiwe. Na pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa mjini. Mji wetu wa kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba kama yako haibomolewi ukuta wala dari bila wao kujua. Usiwaogope. Hapo utapata pia ushauri wa nani awezaye kazi hiyo, na nani ajidaiye tu.

Hilo likisha, tuje kwenye urembo.

Umeniuliza wapi, na jibu linategemea kujua mkono huu ni mgeni wa nani. Kwanza ni kitu cha kazi. Ukiukata kwa mawazo utapata sehemu tatu: bega linalolala chini ya mzigo, mguu unaolala ukutani, na goti linaloviunganisha kwa mshazari. Wachina waliupanga mkono juu ya mkono, ngazi kwa ngazi, ili paa zito litokeze nje ya ukuta. Jumba kuu la hekalu la Foguang, lililojengwa mwaka 857, lingali limesimama kwa mikono ya namna hiyo. Gujarat waliichonga chini ya vibaraza vya ghorofani mpaka ikawa kama kitambaa cha lesi, na mafundi wa huko ndio walioleta mkono wao pwani yetu. Ukifika Unguja, simama barabara ya Mizingani utazame ile zahanati ya kale iliyoanzwa na Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894. Roshani zake zote ni mbao, na usanii wake umevuka bahari.

Zile ulizoziona kwenye simu ni ukoo mwingine. Karne ya 19, Marekani walipopata misumeno membamba inayoendeshwa kwa mvuke, pambo lililomchukua mchongaji siku mbili likawa la dakika chache. Mikono ikakatwa kwa mamia, ikauzwa kwa katalogi, ikapigiliwa misumari kwenye kila baraza. Hapo ndipo mkono ulipoacha kazi ukabaki na sura. Siulaumu, mingine ni mizuri. Lakini ujue kwamba unachokipenda kwenye picha kilibuniwa kwa nyumba za mbao, ambazo ukuta wake ni ubao mtupu usio na neno. Ukuta wako una maneno mengi.

Tazama chumba chako cha ndani. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, wa zamani alipotaka mahali pa kuweka bakuli la kichina, hakutoa rafu nje ya ukuta. Aliingia ndani ya ukuta. Hizo ndizo zidaka. Alipotaka kutundika nguo au zulia, alipachika vigingi vilivyochongwa. Taa ilikuwa na kiango chake. Chumba cha mita 2.6 hakina nafasi ya kutoa viwiko nje, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kuandika habari za mapambo ya nyumba. Kwa hiyo mkono wa mbao katika nyumba ya Kiamu ni mgeni, na mgeni una haki ya kumkaribisha. Waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walikuwa na akili. Kila mkono utakaoutundika upe jembe: rafu, taa, kizingiti cha mbao kinachovuka mlango mpana, chochote. Usio na jembe usiingie.

Ukifuata hilo, wale 16 watapungua wenyewe. Mimi kwa maelezo yako naona sita, labda saba.

Ukuta wa zidaka usiuguse. Hata mmoja, hata kwenye ukingo. Kwanza plasta yake ya nakshi ni chokaa laini iliyokatwa kwa mkono, na mtikisiko wa mashine ya kutoboa mita moja kutoka hapo waweza kuangusha kipande ambacho hakuna fundi atakayekirudisha sawasawa. Pili, zidaka zinafanya kazi ya kivuli: matundu meusi kwenye weupe. Ukiweka mbao nyeusi iliyotokeza karibu nazo, jicho halijui litazame shimo au kilima.

Jikoni juu, hapo ndipo rafu yenye mikono inapofaa kweli, kwa sababu huko ukuta hauna zidaka na wewe una masufuria. Rafu moja ndefu, mikono mitatu. Kwenye msana unaopakana na kiwanda, yaani ule uwanja wa wazi ndani ya nyumba, mikono miwili, mmoja kila upande wa uwazi ule mpana, chini ya ubao uvukao juu, kama ubao huo upo. Na mmoja au miwili midogo ya taa, kwa namna ya kiango, ndani au kwenye ngazi. Juu ya kitanda hapana. Kwenye njia, chochote kinachotokeza kiwe juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko wote anayeingia nyumba hiyo. Pima shemeji zako.

Sasa nikuambie jambo ambalo wachongaji wengi hawalitazami, nalo ni mwanga. Nyumba ya mawe hupata mwanga wake kutoka kiwandani, na mwanga huo hufika msanani ukiwa umelala ubavu. Mwanga wa ubavu ni rafiki wa nakshi. Ua lililochimbwa milimita nne au tano tu litaonekana kila jani, na litabadilika asubuhi hadi alasiri bila wewe kulipa senti. Lakini ukiingia chumba cha ndani, mwanga umeshachoka. Huko nakshi haionekani. Kinachoonekana ni umbo la ukingo, weusi wa mbao dhidi ya weupe wa chokaa. Kwa hiyo mikono ya msana ichongwe uso, na mikono ya ndani iachwe mitupu usoni, juhudi yote iende kwenye mstari wa goti. Mkono wa ndani uliojazwa maua ni fedha iliyozikwa. Hapa mume wako ana hoja ya vumbi, maana nakshi ya kina isiyoonekana kazi yake hasa ni hiyo ya kukusanya vumbi.

Nakshi zenyewe ziko nyingi mjini: waridi, yungiyungi, mnyororo, jani la mtende. Watembeza wageni wana hadithi kwa kila duara, huu ni utajiri, huu ni usalama, na wageni huondoka wamefurahi. Mimi sikufundishwa hivyo na sitakufundisha hivyo. Chagua nakshi iliyopo tayari kwenye mlango wako wa nje, ipunguze, itumie hiyohiyo. Hapa ni mji wa Muhamadi Kijuma, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango katika mtu mmoja. Ukitaka kujua mstari wa Kiamu unavyopumua, tembea vichochoroni utazame milango kabla ya kutazama simu.

Unene ni kosa jingine la kawaida. Mikono ya kununua huwa sentimita mbili, kama biskuti iliyosimamishwa. Ukutani kwako, penye ukuta mnene na boriti za mviringo, mbao ya sentimita mbili inaonekana imesahauliwa hapo. Anzia sentimita nne na nusu. Na kabla ya kukata mbao, kata boksi: mchoro wa ukubwa kamili, ubandike kwa gundi ya karatasi, kaa nao siku tatu. Pita nao mchana, pita nao usiku taa ikiwaka. Siku ya pili utaupunguza, nakuahidi.

Nguvu sasa. Tuchukue rafu ya kilo 24 pamoja na mzigo wake, upana wa sentimita 24, iliyobebwa na mikono miwili. Kila mkono una kilo 12, na uzito huo kwa wastani uko sentimita 12 kutoka ukutani. Mguu wa mkono ukiwa na sentimita 30 kutoka skrubu ya juu hadi ncha ya chini, skrubu hiyo inavutwa kwa nguvu ya kama kilo 5. Ukiufupisha mguu hadi sentimita 10 kwa sababu wapendeza zaidi, skrubu ileile inavutwa kwa zaidi ya kilo 14. Mzigo haukubadilika. Ndiyo maana nasema mguu uwe mrefu kuliko bega, na skrubu kuu iwe juu kabisa. Ya chini haivutwi, inakaa tu kuzuia mkono usizunguke. Kwa ubao wa rafu wa sentimita 2.5 wenye vitabu au masufuria, mikono isiachane zaidi ya sentimita 60. Kwa vikombe na sahani chache, 80 si mbaya.

Lakini mkono wenyewe unaweza kuvunjika kabla ya ukuta kuuachia, na hapo ndipo penye usanii. Uzi wa mbao. Mbao ni kama fungu la nyuzi; kuzivuta kwa urefu ni kazi, kuzibandua moja kutoka kwa nyingine ni rahisi. Fundi mvivu huchora mkono kwenye ubao kama ulivyo, uzi ukisimama wima pamoja na mguu. Mguu unakuwa imara, na bega, ambalo uzi wake sasa umekatwa kwa upana, linabaki na nguvu ya mkate mkavu. Mzigo ukija linabanduka pale linapokutana na ukuta. Ukikata kipande kimoja, geuza mchoro ili uzi ukimbie mshazari, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mguu. Lililo bora ni vipande vitatu, bega, mguu na goti, kila kimoja na uzi wake kwa urefu, vikiungwa kwa ulimi na tundu.

Bora kuliko yote tunalijua sisi watu wa bahari. Nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, utazame wanavyotafuta mataruma, yaani mbavu za jahazi. Hawachukui ubao ulionyooka wakaukata upinde. Hutafuta mti uliopinda wenyewe shambani, ili uzi uufuate upinde bila kukatika. Tawi lililoota kwenye shina kwa pembe unayoitaka ni mkono uliokwisha kutengenezwa na Mola. Wewe wapunguza tu ziada kwa tezo na patasi. Mikono miwili niliyowahi kuitengeneza kwa tawi la mkilifi haifanani na kazi yangu nyingine yoyote, na ndiyo ninayoipenda.

Kuhusu aina ya mbao sitarefusha. Mbambakofi ni mfalme: ngumu, haichezi sana kwa unyevu, mchwa hawaitamani; ghali, na vumbi lake linawasha pua, kwa hiyo fundi avae barakoa. Mkilifi, wengine huuita mwarobaini, upo kila mtaa, bei yake inafaa, uchungu wake wadudu hawaupendi. Uuchague usio na vifundo vingi. Msaji ukiupata ni mzuri. Mvinje ni mzito na hupasuka, uache. Mbao za jahazi lililovunjwa zina sura ambayo huwezi kuitengeneza, ila zimenywa chumvi miaka mingi, na chumvi huvuta unyevu: zioshe kwa maji ya kisima matamu mara kadhaa, zianike kivulini, na utafute misumari iliyojificha kabla msumeno haujaitafuta.

Vyovyote iwavyo, mbao iwe kavu. Usikubali "imekauka hiyo" kwa kuitazama. Pima kipande kwenye mizani ya dukani, andika, rudi wiki ijayo. Siku uzito utakapoacha kushuka ndipo mbao imekauka kwa hewa ya Lamu. Na hata hapo, mvua za masika zikija itavimba tena kwa upana, kiangazi itanywea. Tundu la skrubu inayoshika rafu kwenye bega liwe refu kidogo kwa upande wa upana, ili ubao upate pa kusogea. Ukiubana kila mahali utapasuka, na utamlaumu fundi.

Ukutani. Hili nalijua kwa hasara. Miaka ya ujana wangu nilitundika rafu mbili kwenye nyumba ya mawe ya bibi mmoja, nikatumia plagi za plastiki nilizozoea kwenye nyumba za bloku. Zilibana vizuri, nikaning'inia mwenyewe kumwonyesha. Kusi lilipoanza, usiku mmoja rafu ya juu ilishuka na sahani za kichina alizopewa siku ya harusi yake. Nilipotazama mashimo, plagi zangu hazikuwa zimefika jiweni hata kidogo. Zilikuwa zimeshika plasta ya chokaa, na plasta ilikuwa imeachana na ukuta. Bibi yule hakunitukana. Aliniambia tu nisiziokote vipande, ataziokota mwenyewe. Ningetamani angenitukana.

Kwa hiyo: gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kwanza. Ukilia wazi kama mtungi mtupu, plasta imeachana, tafuta mahali pengine. Toboa bila ile hali ya kugonga ya mashine. Matumbawe ni laini, yakigongwa hupasuka yakaacha shimo la umbo la yai. Tundu livuke plasta na liingie sentimita sita au saba ndani ya jiwe. Vumbi likitoka jeupe tupu na laini muda wote, uko kwenye chokaa kati ya mawe, hamia pembeni.

Kwa kuwa huwezi kulichagulia jiwe mahali pa kukaa, fanya hivi: usifunge mikono moja kwa moja ukutani. Funga kwanza ubao mmoja wa kulala, upana wa sentimita nane hivi, urefu wa rafu yote, na skrubu zake uziweke popote jiwe lilipo jema. Kisha mikono ishikwe na ubao huo, mahali panapopendeza. Ukuta unatoboka mahali pachache, na jicho halijui kitu. Kwa mkono mmoja mmoja wa taa au wa uwazi wa msana, njia ya zamani ndiyo bora: chimba tundu la kama sentimita tano kwa tano, kina cha kumi, ndani pana kuliko mdomoni, tia kabari ya mbambakofi iliyonona upande wa ndani, jaza kwa chokaa na mchanga, halafu uondoke. Chokaa haiharakishwi. Ipe wiki tatu au nne kabla ya kuipigia skrubu. Fundi atakwambia saruji itakauka kesho. Ni kweli, na kesho kutwa itakuwa jiwe gumu ndani ya ukuta laini, inazuia unyevu kutoka, na plasta iliyoizunguka itaanza kumumunyuka. Saruji isiingie nyumba hiyo.

Skrubu ziwe za chuma cha pua au za shaba. Chuma cha kawaida kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inavimba, inapasua, na kuacha machozi ya kahawia kwenye chokaa yako nyeupe. Shaba ni laini, kichwa chake hukatika ukiilazimisha kwenye mbao ngumu. Toboa kwanza, tia skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ikate njia, itoe, ndipo utie ya shaba.

Mwisho wa ufungaji: ukuta wako haukujengwa na mtu mwenye timazi ya dukani, una mabonde. Usijaze nyufa nyuma ya mkono kwa gundi. Usimamishe mkono wima kwa pima maji, weka penseli juu ya kijiti chembamba, ukitembeze kwenye ukuta kutoka juu hadi chini, penseli itachora mabonde hayo juu ya mbao. Randa na patasi zifuate mstari. Mkono ulioketi hivyo unaonekana umeota hapo.

Rangi ya juu: mafuta ya kitani, matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likifutwa kwa kitambaa kabla halijanata. Vanishi ya kung'aa karibu na kiwanda hubanduka kwa jua na chumvi, na kuirudia ni kuikwangua yote. Kuna mzee atakwambia upake sifa, yale mafuta ya samaki, kama jahazi. Mwambie jahazi halilali na mtu chumbani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni, hupata joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vitie ndani ya maji.

Imebaki ile minne ya mwembe. Mwembe si mbao mbaya kwa ndani, unachongeka vizuri, ila wadudu watobozi wanaupenda mno. Uiweke juu ya karatasi nyeupe wiki moja. Ukikuta unga mwembamba chini, wamo. Ukiwa safi, ipakwe dawa ya mbao kabla ya mafuta, maana mafuta yakitangulia dawa haiingii tena. Kisha geuza kila mmoja utazame uzi ubavuni. Ukikimbia mshazari, miwili iende kwenye msana na miwili ikabebe rafu nyepesi. Ukisimama wima na mguu, haibebi kitu kizito kuliko taa, na fundi huyo usimwagizie wa tano kabla hujaniletea mmoja niuone.